Kutenga na Kutengea: Istilahi za Utengaji wa Vichakataji katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi za jambo moja la elimu ya kompyuta ambalo mtafsiri hukutana nalo afasiripo miongozo ya mitambo ya simu, ya sauti, au ya kuongozea mashine za kiwandani. Jambo lenyewe ni kutenga baadhi ya vichakataji vya kompyuta ili vifanye kazi chache zisizovumilia kukawia. Kwa mafundi si jambo geni. Lililo geni ni kulieleza kwa Kiswahili bila kumpotosha msomaji.

Yapo maoni kwamba istilahi za namna hii ni za wataalamu wachache, na kwamba mtafsiri akitia neno lolote lililo karibu, wenyewe watajua maana. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Mwongozo wa mtambo ni maagizo. Msomaji akiyatii ilhali ameyaelewa visivyo, mtambo hutenda alivyouagiza yeye, wala hautendi alivyokusudia mwandishi. Tutaonyesha hapa chini kwamba neno "kutenga" peke yake, likitumiwa bila uangalifu, laweza kumfanya fundi azirundike kazi nne juu ya kichakataji kimoja huku vingine vitatu vikikaa bure.

Mfano tutakaoutumia ni Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki, Ufini, mwaka 1991. Tumeuchagua kwa sababu maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, na kwa sababu mitambo mingi ya aina tulizozitaja huutumia.

1. Kiini na kichakataji

Mfumo endeshi una sehemu moja ya ndani inayoiamuru mashine moja kwa moja. Sehemu hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozipangia programu zamu zao, na inayopokea habari kutoka kwa vifaa kama vile kadi ya mtandao na diski. Kiingereza huiita kwa neno lenye asili ya mbegu iliyo ndani ya ganda. Kadhalika, ile programu inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha ndani huitwa kwa neno la ganda. Kiswahili kina jozi iliyo tayari, kwani yai lina ganda na lina kiini. Kwa hiyo "kiini cha mfumo endeshi", au kwa ufupi "kiini", ni istilahi inayofaa, nasi hatuoni sababu ya kutafuta nyingine.

Taabu inaanzia katika prosesa. Zamani prosesa moja ilikuwa na kitenda-hesabu kimoja tu ndani yake. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa prosesa ya POWER4 yenye viwili katika kipande kimoja, na mwaka 2005 Intel na AMD zikaleta mpango huo katika kompyuta za kawaida. Leo prosesa ya vitenda-hesabu vinane, kumi na sita au zaidi haimshangazi mtu. Kila kimoja cha hivyo Kiingereza hukiita kwa neno lenye maana ya moyo wa tunda, na mtafsiri afunguapo kamusi hukuta tena neno lile lile: kiini.

Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Kiini hakitapangia kazi viini vilivyotengwa." Msomaji atajiuliza ni kiini gani kinachopanga na ni viini gani vilivyotengwa. Sarufi haina kosa, ila maana haipo. Istilahi mbili zinazokutana katika kila ukurasa wa somo moja haziwezi kushirikiana jina.

Tumelipima neno "moyo". Tumeliacha kwa kuwa moyo katika fikra zetu ni mmoja, na "prosesa yenye mioyo minane" huleta picha ya kiumbe cha hadithi. Tumelipima pia "punje", kwa kufananisha na gunzi lenye punje nyingi zilizo sawa. Picha hiyo ni nzuri, lakini itamkanganya mtafsiri, kwani punje ndiyo asili ya lile neno la Kiingereza la kiini cha mfumo.

Twapendekeza, basi, "kichakataji". Kitenzi kuchakata kilijulikana katika mashamba ya mkonge kabla ya kuingia katika ofisi. Majani huingia kwenye mtambo na nyuzi hutoka. Maana hiyo ya kupokea kitu kibichi na kukitoa kikiwa tayari kwa matumizi ndiyo tunayoihitaji. Neno "prosesa", ambalo limekwisha kuzoeleka madukani, libaki kuwa jina la kipande kizima, na "kichakataji" liwe jina la kila kitenda-hesabu kilichomo. Tutasema: "Prosesa hii ina vichakataji vinane." Mgawanyo huu hauupotoshi ukweli wa mashine, kwa maana kiini cha Linux hukihesabu kila kimoja kuwa ni kamili, kikivipa nambari kuanzia 0.

2. Kukawia na kuchelewa

Istilahi ya pili inayohitaji uangalifu ni ile ya muda unaopita kati ya tukio na jibu lake. Wengine huuita "kasi", wengine "ucheleweshaji". Yote mawili yana kasoro.

Kasi hupima wingi wa kazi katika muda. Lori hubeba barua nyingi kuliko tarishi wa baiskeli, lakini kama lori lazima lingoje lijae ndipo liondoke, barua yako moja itafika kwanza kwa tarishi. Kompyuta yaweza kuwa na kasi kubwa mno ya jumla na bado ikajibu tukio moja kwa kusuasua. Anayetafsiri "ukawiaji mdogo" kuwa "kasi kubwa" humwelekeza mnunuzi kwenye lori ilhali haja yake ni tarishi.

Ama kuchelewa, neno hilo katika Kiswahili hudai kuwapo kwa ahadi. Aliyechelewa amepitwa na saa aliyopangiwa. Kukawia hakudai hivyo, kwani ni kuchukua muda tu, uwe umepangwa au haukupangwa. Lugha yetu imetupa hapa tofauti ambayo wahandisi wanaihitaji sana. Kila jibu lina ukawiaji, ila si kila jibu limechelewa. Twapendekeza "ukawiaji" kwa muda kati ya tukio na jibu, na "uchelewaji" kwa hali ya kupitisha kikomo kilichowekwa.

Mfano wa sauti utaonyesha faida ya kuyatenganisha. Sauti hurekodiwa aghalabu kwa vipimo 48,000 kila sekunde. Programu ikivipokea kwa mafungu ya vipimo 64, fungu moja hudumu kwa milisekunde 1.33, na kila sekunde hupita mafungu 750. Tuseme programu hulimaliza kila fungu kwa milisekunde 0.2. Ukawiaji huo ni mdogo. Lakini tuseme pia kwamba mara moja katika kila mafungu elfu kitu fulani huikatiza, ikatumia milisekunde 2. Wastani utabaki mzuri kabisa, na msikilizaji atasikia mkwaruzo karibu kila baada ya sekunde moja na theluthi. Ndiyo maana katika somo hili wastani hausaidii, na kinachotafutwa ni ukawiaji mkubwa kuliko wote unaoweza kutokea. Hali kadhalika katika mitambo ya simu ya kizazi cha tano. Pale mawimbi madogo yanapopishana kwa kilohezi 30, muda hugawanywa katika vipande vya nusu milisekunde, na kazi ya kipande kimoja haiwezi kuazima muda wa kipande kingine bila kikomo.

3. Yanayokisumbua kichakataji

Kabla ya kusema kutenga, hapana budi tujue tunatenga na nini. Kichakataji kilichopewa kazi moja husumbuliwa na mambo manne, na kila moja linastahili jina lake.

(a) Zamu. Programu zinazotaka kuendeshwa ni nyingi kuliko vichakataji. Ndani ya kiini mna sehemu inayoamua nani aendeshwe, wapi, na kwa muda gani. Sehemu hii katika Linux imebadilishwa mara kadhaa. Mpango uliotumika tangu 2007 ulianza kuachiwa nafasi na mwingine mwaka 2023. Wapo waiitao "mratibu", lakini mratibu huratibu mambo mengi, nalo neno "mpangaji" limeshikwa na mwenye kukodi chumba. Twapendekeza "kigawazamu", kwa muundo wa maneno kama "kipazasauti". Kigawazamu hugawa zamu, na tena husawazisha mzigo kwa kuihamisha kazi kutoka kichakataji chenye foleni kwenda kilicho huru.

(b) Makatizo. Kifaa kikiwa na habari, tuseme kadi ya mtandao imepokea ujumbe, hukipelekea kichakataji ishara. Kichakataji huacha kilichokuwa mkononi, hushughulikia ishara, kisha hurudi. Imewahi kufikiriwa kuiita ishara hiyo "hodi". Neno tamu, lakini mpiga hodi hungoja akaribishwe, na ishara hii kwa kawaida huingia bila kungoja. Kwa hiyo "katizo" ni sahihi zaidi.

(c) Pigo la saa. Kiini hujikumbusha wajibu wake kwa katizo la mara kwa mara linalotoka katika saa ya mashine. Kwa mapigo 250 kwa sekunde, pigo moja huja kila baada ya milisekunde 4; kwa mapigo 1,000, kila milisekunde moja. Kila pigo hula muda mdogo tu. Lakini kichakataji cha gigahezi 3 hupitisha mizunguko 3,000 katika maikrosekunde moja, na kazi iliyopimwa kwa maikrosekunde huiona hasara hiyo.

(d) Viporo. Tangu 2002 kiini cha Linux hutumia utaratibu ambao anayebadilisha kumbukumbu hamfukuzi anayeisoma. Huandika nakala mpya, na ile ya zamani hutupwa baada ya wasomaji wote waliokuwa wameianza kumaliza. Ni kama mwenye nyumba asiyekusanya vyombo mpaka mgeni wa mwisho anawe. Kazi za kutupa nakala hizo hubaki zikingoja juu ya kichakataji kilichoziahirisha. Kwa kuwa Waswahili huita "kiporo" si chakula kilicholala tu bali hata shauri lililoahirishwa, twapendekeza "viporo" kwa kazi hizi. Neno lenyewe linabeba dhana ya kitu kitakachorudiwa baadaye.

4. Kutenga na kutengea

Sasa twaweza kufika kwenye kitenzi chenyewe. Katika Linux utengaji hufanywa kwa maagizo kadhaa yaliyo mbalimbali, na kila agizo huondoa usumbufu wa aina moja.

Agizo isolcpus hutolewa mashine inapowashwa. Katika matumizi yake ya kawaida hukiondoa kichakataji katika usawazishaji wa mzigo wa kigawazamu. Orodha za makatizo, zilizo katika majalada ya smp_affinity, huonyesha ni vichakataji vipi viruhusiwe kupokea katizo fulani. Agizo nohz_full, lililoingia katika kiini mwaka 2013, husimamisha pigo la saa, lakini kwa sharti kwamba kichakataji kina kazi moja tu inayotaka kuendeshwa. Zikiwa mbili, pigo hurudi ili zamu zigawanywe. Hata hivyo lilibaki pigo moja kwa sekunde mpaka mwaka 2018, lilipohamishiwa kwa vichakataji vingine. Agizo rcu_nocbs huviondoa viporo kwenye kichakataji kilichotajwa ili vishughulikiwe na nyuzi za kiini zinazoweza kuwekwa kwingine.

Mtafsiri akiyaita yote manne "kutenga kichakataji", msomaji atadhani kwamba akitoa agizo la kwanza amemaliza. Kumbe ameziba mlango mmoja na kuiacha mitatu wazi. Makatizo yataendelea kuingia, pigo litaendelea kupiga, na viporo vitaendelea kulala pale pale. Kwa sababu hiyo twashauri kitenzi kutenga kisiachwe peke yake katika mwongozo, bali kifuatwe na kile kinachotengwa nacho: "kutenga na zamu", "kutenga na makatizo", "kutenga na pigo", "kutenga na viporo". Maneno ni mengi kidogo, lakini kila moja linafanya kazi.

Lipo jambo zito zaidi. Kukitoa kichakataji katika matumizi ya wote ni tendo moja, na kukikabidhi kwa kazi maalumu ni tendo jingine. Lugha nyingine hulazimika kutumia maneno mawili yasiyo na udugu. Sarufi yetu ina kauli ya kutendea. Fundi hutenga kichakataji, kisha huitengea kazi kichakataji hicho. Aliyetenga bila kutengea ana kichakataji kinachokaa bure huku vingine vikielemewa. Aliyetengea bila kutenga ameiweka kazi yake mahali pamoja, lakini wapita njia bado wanaingia.

Hapa ndipo lilipo kosa tulilolitaja mwanzoni. Tuseme fundi ameandika isolcpus=2-5, akakusudia kutenga vichakataji vinne kwa programu yenye nyuzi nne. Mwongozo uliotafsiriwa wamwambia: "Vichakataji vilivyotengwa huwa ni kundi la programu yako." Naye, kwa amri ya taskset, airuhusu programu nzima itumie kichakataji cha 2 hadi cha 5, akitarajia kila uzi ujipatie chake. Hilo halitatokea. Anayeeneza nyuzi juu ya vichakataji ni msawazishaji wa mzigo, na huyo ndiye aliyeondolewa. Kwa kawaida nyuzi zote nne zitakutwa zimebanana juu ya kichakataji kimoja, zikingojana zamu, na vitatu havina kazi. Vichakataji vilivyotengwa na zamu kwa njia hii si kundi, bali kila kimoja kiko peke yake. Sentensi sahihi ni hii: "Kila uzi utengewe kichakataji chake kwa jina." Tofauti ya sentensi mbili hizi haizidi maneno machache, na ndiyo tofauti ya mtambo unaofanya kazi na usiofanya.

Yafaa pia mtafsiri ajue kwamba maelezo rasmi ya Linux hushauri mafungu ya vichakataji, yaani cpuset, yatumike badala ya agizo la isolcpus. Mafungu hayo yaweza kubadilishwa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, ambapo isolcpus hungoja mashine iwashwe upya.

5. Utunzaji, na mipaka ya utengaji

Kazi zilizoondolewa kwenye vichakataji vilivyotengwa hazipotei. Hapana budi vipo vichakataji vinavyobaki kupokea makatizo, kutunza saa na kumaliza viporo. Kiingereza huziita shughuli hizo kwa jina la kazi za nyumbani. Mwenye haraka asije akaandika "kazi za unyumba", kwa maana neno hilo lina wenyewe. Twapendekeza "kazi za utunzaji" na "vichakataji vya utunzaji". Watumishi wanaoandika masharti ya zabuni wakumbuke kwamba sharti la kutenga vichakataji vyote halitimiziki. Lazima kibaki angalau kimoja cha utunzaji, na mara nyingi kimoja hakitoshi.

Aidha tujihadhari na maneno "kutengwa kabisa". Vichakataji viwili vyaweza kuwa pacha, yaani majina mawili ya kitenda-hesabu kimoja kinachoendesha nyuzi mbili kwa pamoja. Kumtenga pacha mmoja huku mwenziwe akifanya kazi nzito si kutenga. Tena vichakataji vya prosesa moja aghalabu hushirikiana sehemu ya kumbukumbu ya karibu na njia ya kuifikia kumbukumbu kuu, hivyo jirani mwenye pupa husikika hata kama hajavuka mlango. Na yapo makatizo ya programu ya msingi ya mashine yenyewe ambayo kiini hakiyaoni wala hakina uwezo wa kuyazuia. Utengaji hupunguza usumbufu, haughairi umbile la mashine. Ndiyo sababu mafundi hupima kwa muda mrefu, wakitumia programu kama cyclictest, wakitazama ukawiaji mkubwa kuliko wote uliotokea.

Mwisho, utengaji usichanganywe na marekebisho yajulikanayo kwa jina la PREEMPT_RT, yaliyokubaliwa katika kiini kikuu cha Linux mwaka 2024 baada ya kutunzwa pembeni kwa miaka mingi. Marekebisho hayo hukifanya kiini chenyewe kikubali kukatizwa karibu mahali popote ili kazi yenye haki kubwa zaidi ipite. Utengaji huwaondoa wasumbufu njiani. Marekebisho hayo humpa mwenye haraka haki ya kupishwa. Mtambo mmoja waweza kuwa na vyote viwili, na mwongozo hauna budi kuvitaja mbalimbali.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kiini: sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayoiamuru mashine.
Kichakataji: kitenda-hesabu kimoja kamili ndani ya prosesa.
Kigawazamu: sehemu ya kiini inayogawa zamu za kazi na kusawazisha mzigo.
Katizo: ishara inayokifanya kichakataji kiache kazi yake kwa muda.
Pigo la saa: katizo la mara kwa mara linalotoka katika saa ya mashine.
Kiporo: kazi ya kiini iliyoahirishwa mpaka wasomaji wa kumbukumbu wamalize.
Ukawiaji: muda kati ya tukio na jibu lake.
Uchelewaji: hali ya jibu kupitisha kikomo kilichowekwa.
Kutenga (na): kukiondoa kichakataji katika usumbufu wa aina iliyotajwa.
Kutengea: kuikabidhi kazi kichakataji maalumu.
Kichakataji cha utunzaji: kichakataji kilichoachiwa kazi za kawaida za mfumo.

Hitimisho

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno lililomo ni bora kuliko yote yanayowezekana. Tunalodai ni kwamba istilahi ya ufundi haipatikani kwa kulinganisha kamusi mbili tu. Hupatikana baada ya kujua kitu chenyewe kinatenda nini, na kisha kuitafuta njia ambayo Kiswahili kimekwisha kuiandaa. Katika suala hili njia ilikuwamo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kiambishi kimoja. Walimu watakaoyajaribu maneno haya darasani, na watafsiri watakaoyatia katika miongozo, tunawaomba watuarifu ni yapi yaliyoeleweka mara moja na ni yapi yaliyohitaji kuelezwa mara ya pili. Hayo ya pili ndiyo tutakayoyafikiria upya.